Gari Lisilobonyea

Gari la Muhidin lilipogonga nguzo ya kalavati pale Katandala, watu walikimbilia kulitazama gari kwanza.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, mwezi wa Juni mwaka wa hamsini na sita, na upepo wa Ufipa ulikuwa ukipiga kama kawaida yake, ule upepo unaopenya shingoni hata ukijifunga koti na shali. Muhidin, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa huko Majengo, alikuwa akiwapeleka mama yake na binti yake kumjulia hali jamaa aliyekuwa mgonjwa. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Mtu wa baiskeli angeweza kumpita. Ndama akachomoka majanini. Muhidin akakata usukani, akakanyaga breki, na kabla hajamaliza kutamka jina la Mungu gari lilikuwa limekwisha simama, pua yake imegandamana na nguzo ya mawe.

"Lo! Nguzo imepasuka!" mtu mmoja akapiga kelele. "Nguzo, siyo gari!"

"Halina hata alama," akasema mwingine, akipapasa bampa kama anayekagua ng'ombe wa mahari. "Hiki ndicho chuma. Hili litakuzika wewe na wajukuu zako, bwana Muhidin."

Muhidin hakuwasikia saa ile. Alikuja kuwasikia baadaye, siku hata siku. Saa ile alikuwa anautafuta uso wa mtoto wake. Mwanamvua, mwenye miaka saba, alikuwa amesimama mbele, katikati ya magoti ya bibi yake, ameshika dashibodi kwa mikono miwili ili aone njia. Sasa alikuwa chini, kwenye miguu ya bibi. Alipouinua uso, mdomo wa juu ulikuwa umechanika mpaka karibu na pua, na yale meno mawili ya mbele, yaliyoota juzi tu baada ya kung'oka ya utoto, hayakuwapo.

Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake kana kwamba anangoja aambiwe kilichotokea.

Hospitalini alishonwa nyuzi saba. Bi Sada, mama yake Muhidin, alivimba goti na kupata maumivu ya ubavu, lakini alikataa kulazwa. "Mimi ni mzee," alisema, "sisi tulikwisha vunjika zamani."

Kesho yake dukani watu walikuja kumpa Muhidin pole, na pole ile ikageuka hongera. Gari lile alilinunua kwa bwana shamba Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, gari dogo la milango minne la rangi ya maziwa, na mjini hapakuwa na mtu asiyelijua. Kila aliyeingia kununua chumvi alisema lilelile: limepasua jiwe, halikubonyea. Muhidin aliitikia, "Tunamshukuru Mungu," kisha mkono wake wa kushoto ulishtuka. Ulikuwa umeanza tabia hiyo tangu Ijumaa. Wakati wa ajali uliruka wenyewe kumzuia mtoto, ukachelewa. Na sasa uliendelea kuruka, akiwa anakata kitambaa, akiwa anakula, akiwa amekaa barazani hana afanyalo. Uliruka kushoto, ukashika hewa.

Alishindwa kukaa. Alitoka dukani akaenda nyuma lilikoegeshwa gari, akachuchumaa mbele ya bampa. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, hauzidi kucha ya kidole gumba. Aliutazama, akarudi dukani, akatoka tena.

"Baba Mwanamvua, utalitazama mpaka lini?" mkewe Kulsumu akamwuliza siku ya nne.

"Mama anataka twende Kasanga mwezi ujao, kwenye harusi ya binti wa dada yake."

"Najua. Aende na lori."

"Lori kwa umri ule?"

"Basi mimi na mwanangu tutabaki. Humo haingii tena."

"Nilikuwa naenda polepole, Kulsumu. Wote waliokuwapo watakwambia."

Kulsumu alikuwa akiponda uji wa ndizi kwa mwiko, kwa kuwa mtoto hakuweza kutafuna. Aliacha kuponda. "Hicho ndicho kinachonitia hofu," alisema. "Kama polepole ni hivi, mbio ni vipi?"

Muhidin akainuka. Akalichukua swali lile, akaenda nalo kwa Zenon.

Mzee Zenon alikuwa fundi wa magari, mtu wa Mwazye, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili. Babu zake walikuwa wafua chuma tangu enzi ambazo Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuru za udongo, na yeye alikuwa na banda la mabati pembezoni mwa Majengo lililojaa springi, gia na rimu za kila aina. Kabla ya hapo alifanya kazi ya ufundi kule bondeni Rukwa, pamoja na wale watu wa kuua nzige wekundu. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alikuwa na desturi ya kukigonga chuma kwa kidole kabla ya kukisemea lolote.

"Shikamoo, Mzee Zenon."

"Marahaba, bwana Muhidin. Mtoto hajambo?"

"Anameza uji."

Zenon alilizunguka gari mara mbili, akalala chini akachungulia uvunguni, akaigonga chesisi. "Gari lako halina kitu," alisema akiinuka.

"Ndicho kinachoninyima raha. Halina kitu. Limepiga jiwe, jiwe likapasuka, nalo halikubonyea. Mtoto ndiye aliyepasuka. Nieleze, mzee, maana kila mtu ananipa hongera."

Zenon alijifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole, mpaka Muhidin akaanza kuzunguka bandani.

"Kishindo hakipotei," Zenon akasema mwishoni. "Babu yangu alinifundisha hivyo kwenye fuawe. Ukipiga chuma cha moto, kinalainika, kinakipokea kishindo, na mkono wako hauumii. Ukipiga chuma baridi, kinakataa, na kishindo kinakurudia mpaka begani. Gari lako lilikataa kukipokea. Sasa kingekwenda wapi? Kilimwendea aliyekuwa ndani."

Muhidin alisimama.

"Kule bondeni," Zenon akaendelea, "niliona ndege ndogo ya kumwaga dawa ikitua uwanjani. Gurudumu likaingia katika shimo la ngiri. Ndege ikapinduka, mgongo chini, miguu juu. Pua ilikunjamana kama kopo, bawa moja likakatika. Sisi tulikimbia na machela tukijua tunakwenda kumwokota maiti. Tukamkuta rubani ananing'inia kichwa chini kama popo, amefungwa mikanda kifuani na kiunoni, anauliza nani ana sigara. Ndege ilikufa, mtu akabaki."

"Nitengenezee mikanda hiyo."

"Nitengeneze nini? Sijui upana wake. Sijui hufungwa wapi ndani ya gari. Nikikosea, mkanda utamkata mtoto kama uzi unavyokata ugali."

"Basi tutajaribu kwanza."

"Tumjaribie nani, bwana Muhidin?"

Jibu alilipata njiani kurudi nyumbani, alipomwona mwanamke akishuka kutoka shamba na boga kichwani.

Siku mbili zilizofuata Muhidin alikuwa kama mtu mwenye homa. Alimpandisha Mwanamvua kwenye mizani ya dukani: ratili arobaini na tisa. Akampandisha mama yake.

"Unanipima kama gunia?" Bi Sada akauliza.

"Ndiyo, Mama. Nataka gunia la uzito wako."

"Litapatikana wapi lenye ulimi?"

Alijaza ulezi katika magunia, moja la mtoto na moja la bibi, akayafunga midomo na kuyashonea maboga juu yake kwa kamba ya katani, maboga yakawa vichwa. Wenye maduka wenzake walipoona wakaguna. Shekhe mmoja alimwita pembeni akamwuliza kwa upole kama anapata usingizi. Muhidin alimjibu kwamba analala, na haikuwa kweli.

Walichagua mteremko wa Kasimiri, mkulima wa mahindi aliyekaa nje kidogo ya mji, ambako majani yalikuwa mafupi na chini ya kilima palikuwa na kichuguu kikubwa, kigumu kama ukuta. Zenon alitembea mteremko mzima akihesabu hatua. Alitia kigingi pale ambapo gari lisilotiwa gia, likiachwa lishuke lenyewe, lingefika kichuguuni kwa mwendo uleule wa Katandala. Ili kuulinganisha, alimwomba Muhidin apande baiskeli kandokando kwa mwendo wa siku ile.

Kulsumu alikuja bila kuitwa. Alisimama juu kabisa, amejitanda kanga mbili kwa baridi. Watu kama thelathini walikuwa wamekusanyika wakicheka, wengine wakiyapigia maboga salamu: "Shikamoo, Bi Boga!"

Mara ya kwanza waliyaweka magunia vile mama na mtoto walivyokuwa siku ile, bila kufunga chochote. Zenon akaondoa jiwe gurudumuni. Gari likaanza kushuka polepole, likapata mwendo, likaruka kituta kimoja, na likakipiga kichuguu kwa kishindo kizito kisichokuwa na mwangwi.

Muhidin ndiye aliyefungua mlango. Gunia dogo lilikuwa sakafuni. Boga lake lilikuwa limepasuka vipande vitatu, na nyama yake ya manjano ilikuwa imebandikwa kwenye ukingo wa dashibodi, mahali palepale. Gunia kubwa lilikuwa limelilalia lile la mtoto. Gari lilikuwa zima.

Hakuna aliyecheka. Muhidin alipogeuka kumtazama mkewe, alimwona akiteremka mlima upande wa pili, anakwenda nyumbani, hatazami nyuma.

Alitaka kumfuata. Zenon akamshika mkono. "Hujajua kitu bado. Umejua tu kile alichokuwa anakijua yeye."

Mara ya pili walifunga ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mwembamba, wenye bizimu ya shogi, tandiko la mizigo la punda, ukapita tumboni kwa gunia na kupigwa bolti sakafuni. Gari likashuka, likapiga. Ukanda haukukatika, wala gunia halikutoka kitini. Ila lilipasuliwa katikati kama lililochinjwa, na ulezi ulimwagika chini mpaka ukatokea mlangoni. Boga lilikuwa limeinama na kujipiga kwenye dashibodi vilevile.

Muhidin alikaa majanini. Mkono wake wa kushoto ukaruka.

"Kama uzi na ugali," alisema.

"Mkanda uwe mpana," Zenon akajibu, anasema na nafsi yake. "Usikae tumboni, ukae kwenye mifupa ya nyonga. Na mwingine upite begani, kichwa kisiiname kwenda mbele. Na mtoto akae nyuma. Mbele ni pabaya." Aliugonga ukingo wa dashibodi kwa kidole. "Hiki nacho tukivishe kitu."

Kazi ile ilichukua wiki mbili. Muhidin alitoa turubai zito la kufunikia mizigo. Bi Sada, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu lakini mikono mizima, alilikata na kulikunja mara nne, akashona kwa sindano ya magunia mikanda yenye upana wa kiganja. Zenon alifua vyuma bapa vya kushikia mikanda chini ya sakafu, ili bolti zisichomoke na bati. Dashibodi waliivisha mto mrefu wa sufi uliofunikwa ngozi. Muhidin alikuwa bandani asubuhi na jioni, akiuliza hili na lile, akipima kwa shubiri, akimchosha mzee wa watu. Duka lilifunguliwa kwa kuchelewa na kufungwa mapema.

Siku ya jaribio la tatu hakumwambia mkewe. Alipofika mteremkoni alimkuta amekwisha fika, amekaa juu ya jiwe, na Mwanamvua amesimama kando yake, mdomo umepona ukabaki na mshono mwekundu.

"Kwa nini umemleta?" Muhidin akauliza.

"Mdomo ni wake," Kulsumu akasema. "Aone."

Safari hii waliweka magunia manne, kwa viti vinne, na Zenon akasogeza kigingi juu zaidi. Gari lilishuka likitetemeka. Kishindo kilikuwa kikubwa kuliko vile vya kwanza. Taa moja ilivunjika, rejeta ikatoboka na mvuke ukapanda, na kwa mara ya kwanza boneti ilikunjika kidogo. Muhidin alifungua milango yote minne. Magunia yalikuwa yamekaa. Boga la gunia la bibi lilikuwa na ufa, na mkanda ulikuwa umelizamia gunia begani ukaacha mfereji. Boga la gunia la mtoto, nyuma, lilikuwa halina jeraha.

Mwanamvua aliliendea. Alilipapasa usoni, kama lina uso. "Huyu hakung'oka meno," alisema.

Kulsumu alichungulia kila kiti, akavuta kila mkanda kwa nguvu zake zote, akaweka goti lake akavuta tena. Kisha akamgeukia Zenon. "Mzee, nikikuuliza utaniambia kweli?"

"Nitakwambia, mama."

"Ni salama?"

"Ni afadhali," Zenon akasema. "Salama ni neno la Mungu."

Kulsumu alilifikiria lile. "Tutakwenda Kasanga," alimwambia mumewe. "Sijasema nimeridhika. Nimesema tutakwenda."

Waliondoka Jumatano alfajiri, rejeta imezibwa, taa moja imefungwa kwa waya. Muhidin alikagua mikanda kabla hawajatoka mjini, akasimama akaikagua tena baada ya maili kumi, na mara ya tatu walipofika Matai, mpaka Bi Sada, aliyekaa kushoto kwake, akamwambia kwamba kama ataguswa tena nyonga atashuka aende kwa miguu. Uwanda ulikuwa mweupe kwa majani makavu. Mwanamvua alilalamika kwamba alipofungwa kitini haoni njia; Kulsumu akamkalisha juu ya blanketi lililokunjwa, akamfunga upya.

Baada ya Matai nchi hufika mwisho wake, barabara hupinda na kuanza kuteremka kwenda ziwani. Kulia palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa mlimani. Kushoto hapakuwa na kitu. Palikuwa na vilele vya miti ya korongoni, na mbali kabisa maji.

Katika kona ya nne Muhidin alisikia harufu ya kuungua. Katika kona ya tano alikanyaga breki, na kanyagio likazama mpaka sakafuni kama limekanyagwa ndani ya matope. Alilikanyaga tena, na tena. Alijaribu gia ndogo. Gia ikasaga meno, ikakataa kuingia. Akavuta breki ya mkono. Ikalia, ikatoa moshi, gari halikupunguza.

"Muhidin," mama yake akasema taratibu, "mbona mbio?"

Alijua barabara ile. Mbele kulikuwa na kona mbili bado, na baada yake daraja la miti lisilo na ukingo. Mtu mwingine angeendelea kushika usukani na kuomba. Hata yeye mwezi mmoja uliopita angefanya hivyo, kwa sababu mkono wa dereva hautaki kugonga, kila mshipa wake umefunzwa kukwepa. Lakini Muhidin alikuwa ameona kichuguu mara tatu. Alijua mwendo wa kigingi cha kwanza na mwendo wa kigingi cha pili, na alijua kwamba mwendo aliokuwa nao umekwisha pita vyote viwili kidogo, na kwamba kila hatua moja mbele ingeuzidisha.

"Mmefunga?" alipiga kelele.

"Tumefunga!" Kulsumu akajibu kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa kavu. Alikuwa ameelewa.

"Mama, egemea kiti. Mwanamvua, kichwa nyuma, fumba macho. Nagonga."

"Unagonga nini?" Bi Sada akauliza.

Muhidin akakata usukani kulia, akalipeleka gari kwenye ukuta wa udongo.

Hakukumbuka sauti. Alikumbuka wekundu ulioujaza uso wa kioo, na turubai likimshika kifuani kama mkono wa mtu mwenye nguvu na hasira. Kisha kimya, na maji ya rejeta yakichuruzika, na vumbi. Pua ya gari iliingia ndani mpaka karibu na kioo. Boneti ilisimama kama hema. Kidole chake kimoja kilikuwa kimegeuka upande usio wake.

"Mwanamvua."

Alijaribu kugeuka, mkanda ukamzuia.

"Mwanamvua!"

"Nifumbue?" mtoto akauliza.

Muhidin alilia hapohapo, paji la uso kwenye usukani, akilia kwa sauti kama mtoto mdogo, na hakuona aibu. Kulsumu alikuwa amekwisha mfungua binti yake, anampapasa mdomo, meno, shingo, mbavu, anarudia mdomo tena. Alama pekee ilikuwa mfinyo mwekundu kutoka begani hadi kifuani.

"Na mimi nitazamwe," Bi Sada akasema. "Huu mkanda wenu umenivunja mfupa." Na kweli mtulinga wake ulikuwa umevunjika, bega limelegea. Alikuwa ameuma meno, machozi yanamtoka. "Nimeushona mimi mwenyewe," aliongeza. "Ningelijua, ningetumia uzi mbovu."

"Ungetumia uzi mbovu ungekuwa kwenye kioo, Mama," Kulsumu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Katandala akacheka, kicheko cha kukatikakatika kilichofanana na kikohozi.

Saa mbili baadaye lori la chumvi lililokuwa likishuka liliwaokota. Dereva wake, Eustaki, alilizunguka gari lililokunjamana akitikisa kichwa. "Gari gani hili," alisema, "limebonyea lote! Poleni sana. Mngekuwa na gari imara…" Hakumaliza, kwa sababu aliwaona watu wanne wamesimama mbele yake, akajaribu kulinganisha kile alichokiona na wale watu, akashindwa.

Kasanga walifika jioni. Mganga wa kienyeji alimfunga Bi Sada bega, naye bibi akahudhuria harusi akiwa amekaa kwenye kiti cha heshima, akipiga vigelegele na kusimulia jinsi mwanawe alivyopigana na mlima. Muhidin hakukaa. Alizunguka nje ya ukumbi, anakwenda anarudi, mpaka shemeji zake wakachoka kumletea sahani.

Gari lilibaki pale ukutani, likingoja Zenon aje siku moja na lori la kulivuta. Kwa hiyo siku ya kurudi iliwabidi wapande lori lilelile la Eustaki. Bi Sada akapewa nafasi mbele kwa ajili ya bega lake. Kabla hawajaondoka Eustaki alimwomba Muhidin amweleze ile habari ya mikanda, na Muhidin akachukua kijiti akachora chini: kiti, nyonga, bega, bolti, vyuma bapa. Alieleza kwa furaha, akasahau hata kidole chake. Eustaki aliinama akafuatilia kila mstari. Alikuwa mtu makini.

"Nimeelewa," alisema. "Mimi naweza kujifunga. Mama naye, hapa kando yangu, tunaweza kumfunga." Aliinua macho kwenye lori. Juu ya magunia ya dagaa walikuwa wamekwisha panda watu kumi na saba, akina mama na vikapu, wazee, watoto wachanga mgongoni, na Kulsumu alikuwa akimpokea Mwanamvua juu. "Hawa je? Hawa utawafunga wapi?"

Muhidin alitazama juu. Alitazama mbao za ubavuni, ndoano za kamba, magunia.

Eustaki hakumsubiri. Aliwasha injini.

Muhidin alipanda, akakaa juu ya gunia katikati ya mkewe na binti yake, akauzungusha mkono wa kushoto kiunoni kwa mtoto na kwa mkono wa kulia, wenye kidole kilichofungwa, akashika kamba ya mzigo. Lori likaanza kuupanda mlima. Walipopita penye ukuta mwekundu abiria wote waligeuka kulitazama gari, wakaguna, wakaulizana kama kuna aliyepona.

"Unanibana, Baba," Mwanamvua akasema.

"Vumilia kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Sijui bado," Muhidin akasema. Alikuwa akizitazama zile ndoano za kamba, moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa macho, kisha akiwatazama watu.